Gari Lile Lile: Falsafa ya Kutengeneza Injini ya Zamani

Hitilafu ya ndani ya injini haionekani. Zinazoonekana ni dalili zake. Hapo huanza swali la kwanza ambalo kila fundi wa magari ya zamani hukutana nalo anapofungua boneti: binadamu hulijuaje jambo lililofichika kwa kuyatazama yaliyo wazi? Hitilafu ikishapatikana, swali la pili hufuata: kitu kikitolewa sehemu iliyoharibika na kutiwa nyingine, kinabaki kuwa kile kile, au kimekuwa kingine? Nyuma ya hayo mawili lipo la tatu, la dini na maadili: fundi anadaiwa nini na kitu alichokabidhiwa, na anadaiwa nini na mwenye kitu? Maswali haya matatu huzungumzwa mbalimbali, la elimu kivyake, la kuwepo kivyake, la haki kivyake. Katika kazi ya kutengeneza injini yanaonekana yalivyo hasa, yaani yanategemeana.

Gari la mfano

Peugeot 504 ni mfano unaofaa. Lilitolewa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1969 likatajwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Afrika Mashariki inalijua vizuri. Mtangulizi wake, Peugeot 404, alishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva wa Tanzania. 504 lenyewe lilishinda mwaka 1975 na 1978. Kwa miaka mingi liliunganishwa Mombasa, na lile la safu tatu za viti likawa teksi ya masafa marefu kwenye barabara za Kenya. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, huhesabu kuwa gari la urithi lile lenye umri usiopungua miaka 30. Kwa kipimo hicho cha umri 504 nyingi zilizobaki barabarani zimeshaingia katika urithi.

Injini yake ya kawaida ya petroli ina silinda nne, nayo imelazwa upande kwa nyuzi 45. Bloku ni ya chuma cha kusubu, silinda hedi ni ya aluminiamu. Pistoni hazitembei ndani ya bloku yenyewe bali ndani ya slivu zinazochomoleka, ambazo kwa nje huzungukwa na maji ya kupoozea injini. Kati ya bloku na hedi hukaa gasketi, kipande chembamba chenye kazi ya kutenganisha vitu vitatu visivyotakiwa kukutana: moto wa silinda, maji na oili.

Aluminiamu hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma cha kusubu. Kipande cha nusu mita, joto lake likipanda kwa nyuzi 80 za Selsiasi, hurefuka kiasi cha milimita 0.9 kikiwa cha aluminiamu, na karibu nusu ya hapo kikiwa cha chuma cha kusubu. Gasketi hubeba tofauti hiyo kila injini inapopata moto na kila inapopoa, mwaka hadi mwaka. Injini ikichemka kupita kiasi, hedi hupinda. Mahali ilipoinuka, mgandamizo hupungua, na gasketi huungua hapo. Hii ndiyo hitilafu itakayofuatwa hapa tangu kugunduliwa hadi kutengenezwa.

Dalili na sababu

Gari huanza kupunguza maji bila kuonekana yanakovuja. Mshale wa joto hupanda kwenye kilima. Moshi mweupe hutoka kwenye ekzosi, na chini ya kifuniko cha oili huganda povu lenye rangi ya chai ya maziwa. Mwenye gari husema gasketi imekatika, na mara nyingi husema kweli. Lakini kusema kweli na kujua si jambo moja.

Aristotle, katika maandishi yake juu ya elimu inayothibitishwa, alitofautisha kujua kwamba jambo lipo na kujua kwa nini lipo. Mwenye gari yuko kwenye ngazi ya kwanza: anajua kwamba gari linachemka. Akikimbilia sababu, hoja yake huwa hivi: gasketi ikikatika gari huchemka, hili limechemka, basi gasketi imekatika. Wanamantiki tangu zamani wameikataa hoja ya namna hiyo, kwa kuwa tokeo moja huweza kuletwa na sababu nyingi. Thamostati iliyokwama huchemsha gari. Rejeta iliyoziba kutu huchemsha gari. Hali kadhalika pampu ya maji iliyochakaa, mkanda uliolegea na feni isiyofanya kazi. Moshi mweupe wa asubuhi yenye baridi kule Limuru au Njombe huweza kuwa mvuke tu wa ekzosi isiyopata moto, na povu la kwenye kifuniko huweza kutokana na safari fupi fupi ambazo injini haipati muda wa kukausha unyevu wake. Methali husema dalili ya mvua ni mawingu, nayo ni kweli. Hata hivyo si kila wingu hunyesha.

Fundi mzuri hutafuta dalili ambayo sababu nyingine hazingeweza kuileta. Hufungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, akaiwasha na kutazama maji. Yakitoa mapovu mfululizo tangu mwanzo, kabla ya injini kupata joto, ipo gesi inayosukumwa kutoka ndani ya silinda kuingia kwenye njia ya maji. Thamostati haiwezi kufanya hivyo, wala mkanda, wala feni. Kisha hutoa plagi na kupima mgandamizo wa kila silinda. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa kiasi kimoja, na nyingine mbili ziko sawa, shaka huelekea kwenye ukuta mwembamba wa gasketi ulio kati ya zile mbili.

Hata hapo fundi hajaona hitilafu. Amezibana sababu zilizowezekana mpaka zimebaki chache, na kila kipimo alichokifanya kingeweza kumkatalia. Huo ndio uaminifu wa kielimu: mtu kujiwekea mtihani ambao dhana yake inaweza kuushindwa. Asiyefanya hivyo hubadilisha kipuri kimoja baada ya kingine mpaka gari lipone, na hata likipona hajui alichokitengeneza. Fedha za mwenye gari zimekwenda, na elimu haikupatikana.

Hedi ikifunguliwa, mambo huonekana. Kati ya matundu mawili ya silinda kuna mstari mweusi ulioungua, ambako moto ulipita kutoka upande mmoja hadi wa pili. Uso wa aluminiamu kuzunguka matundu ya maji umeliwa na kutu nyeupe. Rula ya chuma iliyonyooka ikilazwa juu ya hedi kutoka pembe hadi pembe, fila geji, bapa jembamba la kupimia nafasi, hupenya chini yake katikati. Sasa hitilafu ina mahali, ina umbo na ina kipimo.

Sababu yake, hata hivyo, haijafikiwa. Gasketi iliungua kwa sababu hedi ilipinda. Hedi ilipinda kwa sababu injini ilichemka. Injini ilichemka kwa sababu maji hayakuzunguka ipasavyo. Hayakuzunguka kwa sababu rejeta ilijaa chumvi na kutu. Ilijaa kwa sababu kwa miaka mingi gari lilitiwa maji ya bomba au ya kisima bila dawa ya kuzuia kutu. Mnyororo huo hauishii kwenye chuma. Unaishia kwenye mazoea ya watu. Anayebadilisha gasketi na kuiacha rejeta ilivyo ameondoa dalili na kuiachia sababu nafasi ya kurudi. Wanafalsafa walipouliza mnyororo wa sababu huishia wapi, wengi wao walimtafuta Msababishi wa kwanza, asiyesababishwa na chochote. Fundi hahitaji kufika mbali hivyo. Anahitaji kufika kwenye kiungo ambacho binadamu anaweza kukishika na kukirekebisha, na kuanzia hapo jukumu ni la mtu.

Kukarabati au kubadili

Hitilafu ikishajulikana, njia tatu huwa wazi. Ya kwanza ni kuikarabati hedi ile ile: sehemu zilizoliwa hujazwa kwa kuchomelewa aluminiamu, kisha uso wote husawazishwa kwa mashine. Njia hii ina mpaka wake, kwa kuwa kila kuchonga hupunguza kimo cha hedi na kuongeza mgandamizo ndani ya silinda. Kuna kiwango ambacho hedi haichongwi tena. Ya pili ni kuchukua hedi nzima kutoka 504 nyingine iliyokufa. Ya tatu ni kununua mpya, iliyotengenezwa miaka mingi baada ya gari lenyewe.

Kiufundi njia zote tatu huweza kulirudisha gari barabarani, mradi kazi ifanywe kwa makini. Katika injini hii slivu lazima zisimame juu ya uso wa bloku kwa kiasi kidogo sana, sehemu ndogo ya milimita, ili ziibane gasketi. Fundi asiyelipima hilo atafunga hedi nzuri juu ya slivu zilizozama, na gasketi mpya itaungua kama ya kwanza. Bolti hukazwa kwa toki spana, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni, ili hedi ilale bila kujikunja.

Tofauti ya njia hizo tatu, basi, haipo katika mwendo wa gari. Ipo katika kulitambua. Gari lenye hedi yake ya zamani iliyochomelewa limebaki na mwili wake na makovu yake. Lenye hedi ya gari jingine limepokea kiungo cha mfu. Lenye hedi mpya limepata kitu ambacho hakikuwepo lilipotoka kiwandani. Swali ni kama lolote kati ya hayo limepoteza ulile wake, yaani kuwa kwake lile lile, na kama ndivyo, limeupoteza katika hatua ipi. Gasketi moja haibadilishi gari. Hedi je? Injini nzima? Injini pamoja na bodi? Kila hatua ni ndogo, lakini mwisho wake huenda kusibaki msumari wa mwanzo.

Meli, gari la farasi na mti

Swali hili lina umri mkubwa kuliko gari. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, alisimulia kwamba Waathene waliihifadhi meli ya shujaa Theseus kwa kutoa mbao zilizooza na kutia nzima mahali pake, mpaka wanafalsafa wakabishana kama ni meli ile ile. Mwaka 1655 Thomas Hobbes aliukaza ugumu: tuseme mtu aliziokota zile mbao kuukuu zote na kuziunga upya kwa mpangilio ule ule, ipi kati ya hizo mbili ndiyo meli ya Theseus? Katika ulimwengu wa magari ya kale dhana hiyo huwa tukio la kweli. Chesisi ya gari maarufu huenda huku, injini yake kule, na baada ya miaka hutokea magari mawili yanayodai jina moja.

Mapokeo ya Kibudha yalilijibu swali kwa njia nyingine. Katika mazungumzo yanayosimuliwa kati ya mtawa Nagasena na mfalme Milinda, mtawa aliuliza gari la mfalme la farasi liko wapi hasa: ni ekseli? Ni magurudumu? Ni nira? Hakuna kati ya hivyo kilicho gari, na nje ya hivyo vyote hakuna gari. Jina ni desturi inayoegemea viungo vilivyokutana, na mtu pia ni vivyo hivyo. Jibu hili humwokoa mwanafunzi na shughuli ya kutafuta kiini kilichojificha ndani ya chuma. Hata hivyo linaacha jambo moja: kwa nini watu wanaojali ukweli huona kwamba anayevipa jina la gari maarufu vyuma visivyolistahili amesema uongo? Kama jina lingekuwa desturi tu, uongo huo usingekuwa na mahali pa kusimama.

John Locke, katika toleo la 1694 la kitabu chake juu ya akili ya binadamu, alitofautisha rundo la chembe na kiumbe hai. Rundo likiongezwa au kupunguzwa chembe moja, si rundo lile lile. Mwaloni hukua kutoka mche hadi jitu, ukabadilisha mata yake yote, nao ni mwaloni ule ule kwa sababu unashiriki uhai mmoja usiokatika. Locke aliitazama mashine pia. Mpangilio wa sehemu zake unafanana na wa mnyama, lakini mnyama hupata mwendo wake kutoka ndani, na mashine huupata kutoka nje.

Miaka takriban 600 kabla yake, al-Ghazali, katika kitabu chake cha kuwakosoa wanafalsafa, alizungumzia ufufuo wa miili. Waliokanusha waliuliza mwili ulioliwa na ardhi utarudije kuwa ule ule. Alijibu kwamba hata katika maisha haya viungo vya mtu hubadilika kwa chakula tangu utotoni hadi uzeeni, na mtu ni yule yule. Kwa hiyo uyule wa mtu haukufungwa kwenye mata fulani ya mwili wake, bali unafuata nafsi.

Majibu haya mawili yanaonyesha pengo la gari. Mti una uhai wake, mtu ana nafsi yake. Gari halina hiki wala kile. Halijilishi, halijiponyi, halijikumbuki. Uhai unaolibeba kutoka kipuri hadi kipuri uko nje yake, kwa watu: kwa aliyelibuni, aliyeliunda, anayeliendesha na anayelitengeneza. Ulile wa gari unashikwa na binadamu. Hapo ndipo swali la kuwepo linapogeuka kuwa swali la uaminifu.

Hukumu ya London

Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini London ililazimika kulijibu jambo hili kwa nguvu ya sheria. Gari lenyewe lilikuwa Bentley lijulikanalo kama Old Number One, lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1929 na 1930. Baadaye liliundwa upya kwa mbio nyingine, likapata ajali iliyomuua dereva wake katika uwanja wa Brooklands mwaka 1932, kisha likaundwa tena na kuvishwa bodi nyingine. Lilipouzwa kwa mamilioni ya pauni, mnunuzi alikataa kulichukua, akidai kwamba kilichobaki cha gari la 1929 na 1930 ni sehemu ndogo mno.

Jaji alikubali kwamba vyuma vya mwanzo vilikuwa vichache na kwamba gari halingeweza kuitwa la asili kwa maana ya kubaki kama lilivyotoka kiwandani. Hata hivyo alihukumu kuwa ndilo Old Number One la kweli. Mabadiliko yake yalifuatana hatua kwa hatua, yalijulikana, na hakuna gari jingine lililokuwa na haki ya jina hilo. Mnunuzi alishindwa.

Uzito wa hukumu hiyo ni kwamba ilitenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Kuwa la asili ni habari ya mata: kiasi gani cha chuma cha mwanzo kimebaki. Kuwa la kweli ni habari ya mfululizo: je, historia yake haikukatika, na je, imesemwa ilivyo? Gari huweza kupungukiwa la kwanza likabaki na la pili. Lakini la pili halihifadhiwi na chuma. Linahifadhiwa na kumbukumbu na kauli za watu, na kauli hizo zikiwa za uongo, hakuna kipimo cha fila geji kitakachoirudisha kweli yake.

Amana ya fundi

Waliotunga kanuni za kuhifadhi urithi walilifikia jambo hilo hilo kwa njia yao. Hati ya Venice ya mwaka 1964, iliyohusu majengo na maeneo ya kihistoria, ilitaka sehemu mpya ilingane na nzima lakini itambulike kuwa si ya zamani, ili ukarabati usiughushi ushahidi wa historia. FIVA ilifuata nyayo hizo katika Hati ya Turin, inayohimiza kazi zote zinazofanyiwa gari ziandikwe na kutunzwa. Kipuri kipya, kwa msimamo huo, si kosa. Kosa ni kipuri kipya kinachojifanya cha zamani.

Sheria ya Kiislamu ililiweka jambo hili sokoni. Imepokewa katika hadithi kwamba Mtume Muhammad alipita kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya rundo na kukuta unyevu chini ya nafaka kavu, akamkemea muuzaji kwa kuificha kasoro. Juu ya msingi huo mafakihi walimpa mnunuzi hiari ya kurudisha mali yenye kasoro aliyofichwa. Torati nayo imeharamisha mizani na vipimo vya hila. Mkazo wa mafundisho haya hauko kwenye kasoro. Nafaka huloa, hedi hupinda, na hakuna chenye kuundwa kisichochakaa. Mkazo uko kwenye kuficha.

Mafakihi walijadili pia hali ya fundi aliyepewa mali ya mtu aitengeneze: je, anaishika kama amana, asilipe isipokuwa amezembea, au kama dhamana, alipe hata bila uzembe? Madhehebu yalitofautiana, lakini pande zote zilikubali jambo la msingi, kwamba kazi ya mikono huunda wajibu ambao malipo peke yake hayaumalizi. Mwenye gari hawezi kuona kati ya hedi na bloku. Analipa kwa kitu ambacho, kikishafungwa, hakuna atakayekiona mpaka kiharibike tena. Katika nafasi hiyo isiyoonekana kuna fundi na Mola wake tu, na ndiyo maana dini zimeipa uzito ambao mkataba hauwezi kuufikia.

Kwa vitendo, amana hiyo ina sehemu zinazotajika. Fundi hutafuta sababu, hasimami kwenye dalili. Huchagua kukarabati kabla ya kubadili pale ambapo kipande cha zamani kinaweza kufanya kazi kwa usalama, na huchagua kubadili pale ambapo ukarabati ungehatarisha watu, kwa maana urithi wa chuma haujafikia thamani ya uhai wa abiria. Humwambia mwenye gari kilichofanyika, na humkabidhi kipande kilichotolewa. Huandika: hedi hii ilichomelewa na kuchongwa kwa kiasi hiki, ili fundi wa baadaye ajue imebaki nafasi gani ya kuchonga. Injini nzima ikibadilishwa, nambari yake hupelekwa ikaandikwe upya kwenye kadi ya gari, wala haipigwi nyundo na kuchorwa ifanane na ya zamani. Mficha maradhi, wahenga walisema, kilio kitamuumbua. Na injini huumbua upesi kuliko wote.

Kwa hiyo maswali matatu yana jibu moja lenye pande tatu. Hitilafu hujulikana na yule aliye tayari dhana yake ikataliwe na kipimo. Gari hubaki lile lile pale ambapo mabadiliko yake yamefuatana bila kukatika na yamesemwa kama yalivyo. Na deni la fundi ni kuulinda ukweli huo katika pande zote mbili: asimdanganye mwenye gari juu ya kilichoharibika, wala asiwadanganye watakaokuja juu ya kilichotengenezwa. Gari ambalo halina nafsi ya kujishuhudia linahitaji mashahidi waaminifu, na wa kwanza wao ni aliyelifungua.